Ngali

Taiwan, mwaka wa sitini na nne. Mimi natoboa kadi.
Safu themanini, mistari kumi na miwili,
na kila tundu ni neno alilolisema mwanamke
amesimama mlangoni, mikono ina unga.
Safu ya thelathini na moja: walio hai.
Thelathini na mbili: waliokufa.
Thelathini na tatu: ungependa wangapi?

Wengi walijibu, "Mbingu ndiyo ijuayo."
Jibu hilo, kitabu cha alama kiliamuru, ni tisa.
Kisha ikaja fomu ya mama mmoja wa nyuma ya soko la nguruwe
aliyetaka tisa kweli, tisa wa kuhesabu,
na majina sita ameshayachagua.
Nilikaa kidole kikiwa hewani.
Nikamtobolea nane.
Mama, uniwie radhi: mashine haikuwa na nafasi
kati ya mbingu na wewe.

Daktari Khu alipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kopo la chai:
kitongoji hiki mkunga azungumze na mume na mke,
hiki na mke peke yake,
hiki kipelekewe barua,
hiki kisiambiwe kitu.
Hicho kisichoambiwa ndicho alichokipenda kuliko vyote.
Alikitunza kama maji ya kunywa,
mfuniko juu, asiingie mdudu.
"Bila hicho tutajuaje?" alisema.
"Huenda wangepunguza wenyewe,
kwa bei ya mchele, kwa ada ya shule.
Kuhesabu kilichotokea, hata karani wa soko anaweza.
Sisi tunahesabu kile ambacho kingalitokea
kama tusingalikuja."
Nikatazama vitufe vyangu.
Cha ngali hakikuwepo.

Ikapita miezi minane.
Vitongoji vilivyotembelewa: wanawake wamekuja kliniki.
Vilivyoachwa: wamekuja kliniki.
Wachache zaidi, lakini wamekuja,
kwa miguu, juu ya kingo za mashamba ya mpunga,
watoto mgongoni, matope hadi magotini.
Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
Tarakimu zilikuwa zilezile.
"Tofauti inayeyuka," alisema. "Kuna mahali panavuja."

Sikuinua kichwa.

Dada yangu Siok-khim anakaa ng'ambo ya mfereji,
kitongoji cha kumi na saba, kisichoambiwa kitu.
Siku ya kufagia makaburi, tuking'oa majani juu ya mama yetu
(alizaa kumi na mmoja, tumebaki wanne),
nilimwambia habari ya kitanzi, na bei yake,
na mlango wa uani usioonekana kutoka barabarani,
na kwamba daktari wa kike huwapo Alhamisi.
Hakujibu. Aliendelea kung'oa.
Alhamisi alikwenda.
Alhamisi ya pili alikwenda na wifi yake.
Ya tatu, sijui walikuwa wangapi.

Kadi yake niliitoboa mimi.
Walio hai: watano. Waliokufa: mmoja.
Ungependa wangapi? Pembeni mhoji aliandika kwa penseli:
"Amesema hawahawa, na niondoke, chaza zinaungua."

Ripoti imetoka. Ukurasa wa mia moja na nne,
tanbihi ya tatu, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
matokeo yamepungua kwa sababu ya mazungumzo ya majirani.
Ndiye mimi huyo.
Sijui kama nilimchafulia daktari maji yake
au nilimwonyesha yanakopita.
Mkunga alikuwa na baiskeli, ramani na posho.
Neno lilikwenda pekupeku, likafika mapema.

Jioni narudi na vipande vya kadi nyweleni,
vijistatili vidogo kuliko punje ya mchele.
Mtoto wa mwisho wa dada ananichambua, mmojammoja,
anavipanga juu ya benchi.
"Hivi ni nini, mama mdogo?"
"Ni yale matundu," namwambia.
Anafikiri kidogo.
"Basi huko kwenye kadi kumebaki nini?"
Na mama yake, aliyelala tangu saa kumi,
amelala kweli, bila mtu kifuani,
hageuki.